Mseji mweupe juu ya dari: miche saba nimeiua, mitatu imebaki

Kazi yangu ni kupika udi. Niliirithi kwa mama, naye kwa mamake, na ukipita vichochoro vya Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, siku mbili kabla ya harusi utanisikia kabla hujaniona, maana sukari ikishaanza kushika rangi na sandali ikaingia chunguni, harufu haijui mlango. Basi mpangaji wangu kutoka Marekani, aliyekaa darini kwangu miezi mitano, aliponitolea kifurushi cha majani makavu ya mti ambao sasa nauita mseji, yaliyofungwa kwa uzi, na kusema hiki kwao huchomwa kwa ajili ya moshi wake, nilicheka moyoni. Kumletea mpika udi wa Lamu kitu cha kufukiza ni sawa na kumpelekea Mbajuni samaki.

Kisha akawasha.

Harufu ya kwanza kufika ilikuwa kafuri. Nyuma yake mkaratusi, na chini kabisa kitu kama nyasi zilizoshinda juani. Kali, safi, kavu. Shangazi yangu, aliyekuwa amejinyoosha ndani, akainua kichwa mtoni: "Mwanangu, nani amekufa?" Kwetu kafuri ni harufu ya kuoshea maiti, na mtu mzima akiisikia saa kumi alasiri bila kuarifiwa msiba ana haki ya kuuliza. Mpangaji hakuelewa kwa nini nimeshindwa kumjibu kwa kucheka.

Alipoondoka aliniachia pakiti ya mbegu 50 na neno moja: usiutie maji sana. Neno hilo sikulishika, na ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Mti wenyewe

Kitaalamu unaitwa Salvia apiana. Sisi hatuna jina lake, kwa hivyo nimejitungia: jani naliita seji, mti nauita mseji, kama tusemavyo rehani na mrehani, asumini na mwasumini. Ni wa ukoo mmoja na mrehani, kivumbasi na nanaa. Kata kikonyo chake utazame: kina pembe nne, kama cha mrehani ulio nao mlangoni.

Kwao ni kusini mwa jimbo la California na kuingia Baja California upande wa Meksiko, kwenye vilima vikavu visivyo mbali na bahari. Mti mzima hufika mita moja au moja na nusu, na mikungu ya maua hupanda juu zaidi ya hapo. Maua ni meupe, wakati mwingine yana zambarau kidogo, na nyuki huyafuata hasa. Hilo apiana limetokana na neno la Kilatini la nyuki. Jani lenyewe si jeupe. Ni la kijani, ila limeota malaika meupe mafupi, kama malaika ya mkono wa mtoto, yanayorudisha jua na kulizuia jani lisipoteze maji. Likamue kidogo, na vidole vitanata harufu hiyo mpaka uoge.

Wenyeji wa huko, watu wa Chumash, Cahuilla, Kumeyaay na wengine, wamekuwa nao tangu zamani. Mbegu zake walizisaga unga, majani waliyaoshea nywele, na moshi wake una nafasi katika ibada zao. Nalitaja hili mapema kwa sababu nitalirudia chini.

Kwa nini ulikufa mara ya kwanza

Nilisia mbegu 25 mwezi wa Machi. Nikajaza ndoo ya plastiki udongo mweusi, nikachanganya samadi ya punda, ambayo Lamu huhitaji kuitafuta, yakutafuta wewe mlangoni. Nikanyunyiza maji asubuhi na jioni, vile vile nifanyavyo mrehani. Ikaota minne. Nikajisifu mbele ya jirani.

Wiki ya pili ya Mei mche wa kwanza ukalegea. Shina pale chini lilikuwa jembamba kama uzi, na jeusi. Nikadhani una kiu, nikautia maji. Wa pili ukafuata, nikatia maji. Kufika Juni sikuwa na hata mmoja, na ndoo ilikuwa inanuka matope ya mkokoni.

Ukishika jambo moja tu katika maneno yangu, shika hili: mseji ukilegea, gusa udongo kwanza. Udongo ukiwa mkavu, ndiyo, una kiu. Udongo ukiwa na unyevu, mti unazama, na kila tone utakaloongeza ni la kuuzamisha zaidi.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa maji ya ndoo. Lilikuwa kalenda. Huko kwao mvua hunyesha majira ya baridi, na majira ya joto huwa makavu miezi mfululizo. Mti hunywa ukiwa baridini na hukaa na kiu ukiwa juani. Lamu ni kinyume chake. Twapata zaidi ya milimita 900 za mvua kwa mwaka, na karibu theluthi yake humwagika Mei peke yake, joto likiwa bado halijaondoka. Joto na maji vikikutana kwenye mizizi ya mti huu, ndani yake huoza. Mimi nilikuwa nimempeleka mtoto mchanga pwani siku ya dhoruba.

Basi usisie Machi. Sia mwisho wa Julai au Agosti, masika yakiwa yamekwisha, kusi inavuma na usiku kuna ubaridi kidogo. Vuli yetu huku si kubwa, na ikikupita vizuri, kaskazi inakupa miezi mikavu ya kuukuza mche hadi uwe na shina la mti kabla mvua ya Aprili haijarudi. Aliyeko Malindi afuate hesabu hiyo hiyo, ila mvua yao ni nyingi kidogo kuliko yetu, kwa hivyo wao wawe wakali zaidi kwenye kuchuja maji.

Chungu na udongo

Panda chunguni, usipande ardhini. Hata kama una kiwanja. Chungu chaweza kukimbizwa mvua, ardhi haikimbizwi. Na kiwe cha udongo wa kufinyanga, kwa kuwa kuta zake zinapumua na kukausha. Ndoo ya plastiki hushika maji chini kama kisima. Toboa matundu matatu au manne chini, kila moja lipite kidole. Mche mdogo uanzie chungu kidogo. Mti mzima unataka chungu chenye upana wa shibiri moja na nusu hivi na kina kama hicho.

Mchanganyiko wangu ni kopo mbili za mchanga mnene wa kujengea, kopo moja ya kokoto za matumbawe, kopo moja ya udongo wa kawaida wa shamba. Samadi hakuna. Mti huu umezoea njaa. Ukiulisha unatoa majani mengi mororo yasiyo na harufu, kisha wadudu wanaalikana.

Mchanga: osha mara tatu hata kama umeambiwa ni safi, uonje maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, osha tena. Na tafadhali usiende kuchota vilima vya Shela. Vilima vile ndivyo vinavyochuja na kutuwekea maji matamu ya mji huu. Mchanga wa chungu kimoja ni mdogo, lakini tukianza kila mwenye chungu, tutakunywa nini?

Kokoto za matumbawe nilizipata bure kwa fundi aliyekuwa akichonga mawe ya nyumba ya jirani. Ziwe ndogo, kama punje za mahindi. Zina chokaa ndani yake, na mti unaivumilia bila taabu. Ila chokaa ya kupigia lipu, ile iliyochomwa, isikaribie, huunguza mizizi.

Kabla ya kupanda, jaribu chungu. Mimina kopo moja ya maji juu. Ikiwa umesoma Kul-huwallahu tatu kwa mwendo wa kawaida na maji hayajaanza kutoka chini, ongeza mchanga. Hii ndiyo mizani yangu na haijanidanganya.

Kusia

Mbegu ni ndogo na ngumu kuamka. Usizifukie. Lowesha chungu, zitawanye juu, zibonyeze kwa kiganja, kisha pukutia mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha nusu, kwani zataka mwanga. Weka mahali pa nuru isiyo na jua la saa sita.

Mseji ni mti wa nchi inayoshika moto mara kwa mara, na baadhi ya wakulima wa huko huziamsha mbegu za mimea kama hii kwa maji yaliyopitishwa moshi. Moshi! Kama kuna kitu sikosi mimi ni moshi. Mara ya pili nikaweka chungu kilichokwisha siwa pamoja na chetezo chenye makaa na majani makavu, nikavifunika vyote kwa tenga na gunia bichi kwa muda wa saa moja, kisha nikanyunyiza maji. Katika mbegu 25 zikaota 6. Mara ya kwanza zilikuwa 4. Siapi kwamba ni moshi, kwa sababu na msimu pia nilikuwa nimeubadilisha, lakini nitafanya hivyo tena.

Subira inahitajika. Wa kwanza ulitokeza siku ya kumi na sita. Wa mwisho ulipita mwezi, nilipokuwa nimeshakata tamaa na karibu nitumie chungu kwa bizari.

Sasa paka. Nyumba ya Lamu isiyo na paka ni ya kuhadithiwa, na chungu cha mchanga mkavu kilichochujika vizuri, kwa paka, ni choo alichojengewa na serikali. Mche mmoja uliondoka hivyo, usiku mmoja, na mbegu jirani zake zikafukuliwa. Tangu hapo nazungushia vipande vya matumbawe vyenye ncha juu ya udongo, na juu yake chandarua kikuukuu, ambacho kinazuia na kunguru. Miche miwili mingine ililegea shina ikiwa na majani mawili tu. Hiyo ni yangu mwenyewe, nilinyunyiza usiku. Mwagilia asubuhi, ili uso wa udongo ukauke kabla ya giza. Mitatu iliyobaki ndiyo niliyo nayo mpaka leo.

Mche ukifika jozi nne za majani, uhamishe chungu chake. Mizizi yake haipendi kushikwashikwa, kwa hivyo uchimbe pamoja na mchanga wake.

Maji, jua, chumvi

Jua kutwa nzima. Kiwanda cha ndani, yaani ua wa katikati ya nyumba, hakitoshi. Mwanga wa hapo unafaa asumini. Peleka juu, darini, palipo wazi. Mti usiopata jua unarefuka na kuinama, na majani yanabaki kijani.

Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo, na nilipoyatumia yaliacha ukoko mweupe mdomoni mwa chungu. Natumia ya mvua niliyokinga. Mche mchanga hunywa mara moja kila siku nne au tano. Mti wenye mwaka, katika kaskazi kavu, mara moja kwa wiki au siku kumi. Usifuate siku lakini, fuata kidole: kitie mpaka pingili ya pili, na ukisikia ubaridi, acha. Ukitia maji, tia mpaka yatoke chini, na usiweke kisahani.

Upepo wa bahari mti wenyewe umeuzoea kwao. Hata hivyo kaskazi ikivuma siku nyingi bila mvua nausuza majani kwa maji matamu asubuhi, mara moja kwa mwezi, kwa sababu ninayafukiza na kuyanywa na sitaki chumvi.

Masika ndiyo mtihani. Mwanzoni mwa Aprili navihamisha vyungu chini ya ukingo wa makuti, upande wa kaskazini, maana mvua ya kusi hupiga kutoka upande wa pili. Pawe na mwanga na upepo. Navipandisha juu ya mawe matatu matatu, kama mafiga, ili hewa ipite chini. Kisha navisahau. Wiki mbili, tatu, bila maji. Majani ya chini hukauka na kuanguka, na mwaka wa kwanza niliogopa. Sasa nayaokota tu, kwa sababu hata hayo yana harufu. Mwezi wa Machi, kabla ya kuhamisha, napunguza matawi kwa theluthi ili upepo upite kati yake. Kata sehemu yenye majani. Ukikata chini kwenye gogo tupu, tawi hilo halichipui tena.

Wadudu: wale weupe kama vijipande vya pamba kwenye maungo ya shina. Pamba iliyochovywa maji ya sabuni, uwapanguse mmoja mmoja. Ubwiri, ule unga mweupe juu ya jani, ni vigumu kuuona kwenye jani jeupe. Tazama chini ya jani, na ukiuona, kata na utupe mbali. Mengine ni ya kawaida.

Maua sijapata. Mwaka wa tatu huu na hakuna hata mkungu mmoja. Nadhani mti unangoja baridi ambayo Lamu haitaileta. Kwa hivyo mbegu zangu mwenyewe sina, naongeza kwa vikonyo. Septemba nakata ncha changa za urefu wa kidole cha kati, natoa majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga mtupu ulioloweshwa kidogo, kivulini. Baada ya wiki nne au tano vuta taratibu: kikishikilia, kimeota mizizi. Katika vikonyo 10 mimi hupata 4, mwaka mzuri 5.

Kuvuna na kukausha

Usivune mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili chukua robo ya majani, si zaidi, asubuhi umande ukishakauka. Msimu wa kuvuna kwangu ni Januari na Februari tu, na sababu ni kukausha.

Nilipovuna mara ya kwanza nilitaka kifurushi kama cha mpangaji, kinene kama mpini wa jembe, kimezungushiwa uzi kwa nakshi. Nikakifunga, nikakipanga ndani ya kidaka cha ukutani, kikapendeza. Siku ya kumi na mbili nikakifungua. Nje kilikuwa kimekauka. Ndani kuna manyoya ya kijivu na harufu ya mkeka uliolala mvuani. Hewa ya kwao ni kavu, kifurushi kinakauka hadi moyoni. Hewa yetu ina bahari ndani yake. Nikachoma kile kilichobaki nje ya nyumba ili nisiuvute ule ukungu, nikaona haya kama niliyeunguza pilau ya watu.

Sasa nakausha jani mojamoja. Nayatandaza juu ya uteo, yasilaliane, kivulini palipo na upepo, chini ya makuti. Nayageuza asubuhi na jioni. Kabla ya Maghribi uteo unaingia ndani, kwa sababu umande wa usiku mmoja unarudisha kazi ya siku mbili. Katika kaskazi huchukua siku tano hadi saba. Jani lililokauka huvunjika kwa sauti. Likipinda bila kuvunjika, lirudishe. Kisha chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, mbali na jua. Chupa yangu ilikuwa ya kahawa, na niliiosha mara nne na bado jani la juu lilinuka kahawa kwa mwezi mzima, kwa hivyo tafuta ya asali.

Ukitaka lazima kifurushi, kisizidi unene wa kidole gumba, kilegezwe, na uzi uwe wa pamba. Nailoni ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Kufukiza

Chetezo, makaa yaliyokwisha kuvaa jivu, na nusu ya jani. Nusu. Jani zima kwenye chumba cha Lamu, chembamba na kirefu, ni vita. Lisiwake moto, litoe moshi tu. Fungua dirisha. Mwenye pumu atoke, na mtoto mchanga vivyo hivyo, moshi ni moshi hata ukiwa na jina zuri. Sisi wenye makuti juu ya kichwa tusizunguke na kifurushi kinachodondosha cheche, kama nilivyomwona mpangaji akifanya hadi nikamshika mkono. Ukimaliza, zima kwenye mchanga.

Nilijaribu kuitia seji kwenye udi. Bila shaka nilijaribu. Nilisaga majani mawili, nikatia sukari ilipokuwa inaanza kuwa nyekundu. Mawaridi yalikufa pale pale, sandali ikakimbia, na chungu cha fedha nyingi kikawa dawa ya kikohozi. Udi ni mtamu na unataka kukumbatiwa. Seji inasimama peke yake. Kilichokubaliana nayo ni ubani. Chembe mbili za ubani na robo ya jani, ubani utangulie. Ubani una uchachu kama wa ndimu ndani yake, na seji inakaa juu ya uchachu huo vizuri. Ninaufukiza hivyo baada ya kukaanga samaki, na jikoni panasahau.

Wateja huniuliza kama moshi huu unatoa hasidi au jini. Mimi nauza harufu. Wenyewe wa mti huo wana maneno yao na taratibu zao wanapouchoma, ambazo sikufunzwa wala si zangu za kuazima. Na nyumba yangu ina dua zake.

Tena kuhusu wenyewe. Vifurushi vinauzwa dunia nzima sasa, na vingi vimekatwa porini kwa wizi. Mwaka wa 2018 watu wanne walikamatwa katika hifadhi ya Etiwanda, huko California, wakiwa na karibu kilo 180 za mseji waliokata bila ruhusa. Kilo 180 za majani, fikiria ni miti mingapi. Watalii hunijia nao Lamu mifukoni. Siwakemei, lakini anayetaka kuniuzia namuuliza aliupata wapi, na anayetaka kupanda nampa kikonyo.

Jikoni na mwilini

Chai: jani moja dogo kwa vikombe viwili, dakika tatu, litoe. Ukiliacha, chai inakuwa kali kama majuto. Naitumia koo likikwaruza. Mjamzito na anayenyonyesha waiache, na anayemeza dawa za kila siku amuulize daktari wake kwanza.

Samaki usijaribu. Nilipaka changu mmoja mkubwa seji na ndimu, nikamuoka, na jioni ile nyumba nzima ilikula mkate na chai. Mishkaki ya mbuzi lakini, jani moja likitupwa juu ya makaa dakika ya mwisho, lafaa. Nyama inashika moshi na haishiki ukali.

Kwa nywele: majani matatu mabichi kwenye maji ya moto, yapoe, suuza baada ya sabuni. Binti zangu wanapenda. Mimi napendelea asumini, lakini ni mazoea.

Na makavu yaliyovunjika, yasiyofaa tena kwa chetezo, nayafunga kwenye kitambaa cha kanga chakavu na kuyaweka kwenye kasha la nguo, kwa ajili ya nondo. Tangu nianze, mabuibui yangu mawili ya zamani hayana tundu jipya. Kasha la shangazi nimekatazwa kuligusa. Amesema nguo zake zitanuka kafuri zitakapohitaji, si mapema.